Shabaha ya dawa: kompyuta inavyoitafuta kwenye bakteria wa kifua kikuu

Shabaha ya dawa ni ile sehemu ya kijidudu, aghalabu kimeng'enya, ambayo ikizuiwa kijidudu hufa au hushindwa kuzaana. Isoniazidi ilianza kutibu kifua kikuu mwaka 1952, lakini shabaha yake kuu, kimeng'enya InhA kinachosaidia kujenga ukuta wa bakteria wenye mafuta mengi, ilitambuliwa miaka ya 1990. Dawa ilitangulia, maelezo yakafuata. Modeli za kompyuta hugeuza mpangilio huo: kwanza shabaha, kisha dawa ya kuipiga.

Mlango ulifunguka 1998, jenomu ya bakteria huyu, yaani maandishi yote ya DNA yake, iliposomwa yote: herufi milioni 4.4 na jeni takriban 4,000. Kufikia 2007 zilikuwepo modeli mbili za umetaboli wake, yaani mimenyuko ya kikemia inayoiendesha seli, moja ya Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, nyingine ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, Marekani, iliyobeba jeni 661.

Ndani ya modeli kila mmenyuko wa kikemia ni mlinganyo, na kinachotengenezwa sharti kilingane na kinachotumika. Kompyuta hukokotoa kasi ya juu kabisa ambayo seli inaweza kukua. Kisha jeni moja inafutwa, pamoja na mmenyuko unaotegemea kimeng'enya chake, na hesabu inarudiwa. Ukuaji ukishuka hadi sifuri, jeni hiyo inaingia kwenye orodha; bakteria wakipata njia nyingine, inaachwa. Halafu huulizwa kama binadamu ana kimeng'enya kinachofanana na kile cha jeni hiyo, kwa sababu dawa isiyobagua itamdhuru mgonjwa.

Hesabu ni rahisi kuliko swali linaloitangulia: bakteria wanakula nini? Maabara huwalisha gliseroli. Ndani ya mapafu hutegemea zaidi mafuta na kolesteroli ya mwenyeji wao. Ukibadilisha chakula kwenye modeli, orodha ya shabaha nayo hubadilika. Mwaka 2010 ilibainika kuwa kundi moja la kemikali lililoua bakteria vizuri kwenye gliseroli halikufua dafu kwa panya. Kinyume chake ni kimeng'enya kiitwacho isositrati liyesi. Bakteria aliyelishwa sukari anaweza kuishi bila kimeng'enya hicho, ila anayeishi kwa mafuta hawezi, na sisi binadamu hatuna. Tatizo ni kwamba bakteria ana nakala mbili za kimeng'enya hicho, kila moja na jeni yake. Kufuta jeni moja moja hakutoshi kuionyesha shabaha hii. Lazima zifutwe zote mbili kwa pamoja. Kwangu mimi hapa ndipo kompyuta inapojilipa, maana kujaribu kila jozi ya jeni maabara ni kazi isiyo na mwisho.

Modeli haisemi kama dawa itapenya ule ukuta. Na kwa bakteria waliolala, wale wanaokaa mwilini miaka bila kuzaana, kukokotoa kasi ya ukuaji hakuna maana kubwa: karibu hawakui.