Maelezo ya Malengo Si Wasifu Uliogeuzwa Kuwa Aya

Wiki hii nimesoma tena rasimu ya maelezo ya malengo, yaani insha ya kuombea nafasi ya shahada ya juu, iliyoanza kwa maneno “Tangu nikiwa mtoto”, ikapita shule ya msingi, sekondari, shahada ya kwanza, vyeti na tuzo, hadi ukurasa wa pili ukaisha bila mwombaji kusema anakwenda kuchunguza nini. Nilipomuuliza, alinijibu kama wengi waliomtangulia: ni lazima kamati ya udahili imfahamu kwanza. Imani hiyo imewaponza watu wenye uwezo mkubwa, na inaniuma kila ninapokutana nayo. Kamati tayari ina wasifu wako, matokeo yako na barua za wadhamini wako, yaani wanaokupendekeza. Isichokuwa nacho ni namna unavyofikiri.

Mwombaji huyo alikuwa ameandika: “Nilifanya utafiti kuhusu ubora wa maji ya visima, nikapata alama ya juu.” Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haituonyeshi alichokiona. Tulipozungumza, ilibainika kwamba sampuli zake za msimu wa mvua zilikuwa na bakteria wachache kuliko alivyotarajia, naye hakuweza kutambua iwapo mvua ilikuwa imezimua uchafu, au bakteria walikufa kwa kuwa sampuli zilichelewa kufika maabara. Alilificha jambo hilo akidhani ni aibu, ilhali hapo ndipo palipo na kiini cha maelezo yake yote: shaka hiyo ndiyo inayoonyesha mbinu anayohitaji kujifunza, maabara inayoitumia, na msimamizi ambaye mwombaji ni lazima awe amesoma kazi zake kabla ya kumtaja kwa jina.

Mengine ni mepesi. Fuata urefu uliowekwa, ondoa sifa za chuo, kwa maana wenyewe wanazijua, na alama mbaya zieleze kwa sentensi mbili tu. Vyuo vingi vya Marekani huomba pia maelezo binafsi kando, na huko historia ya maisha ina nafasi yake. Uingereza, waombaji wa uzamivu mara nyingi hutakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti.

Hata hivyo, nimeona maelezo dhaifu yakipita kwa nguvu ya barua za wadhamini, na mazuri yakikwama kwa sababu msimamizi hakuwa na ufadhili mwaka huo. Wala sijaridhika na ushauri wangu mwenyewe kuhusu upana wa swali la utafiti: likiwa finyu mno linamtegemea msimamizi mmoja, likiwa pana mno halimgusi yeyote. Kwa sasa nawaambia waandike swali ambalo angalau wasimamizi wawili wa idara hiyo wangeweza kulipokea.

Rasimu mpya ya mwombaji wangu inaanzia kwenye chupa za sampuli zilizokaa siku mbili ndani ya boksi kabla ya kupimwa. Tuzo zake zimebaki kwenye wasifu.