Green Day na mtaa uliowalea: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukimuuliza shabiki wa kawaida wa roki bendi ya Green Day walitoka wapi, atakupa hadithi fupi: vijana watatu watukutu wa California walitoa albamu moja mwaka 1994, wakatajirika, wakawapa kisogo wenzao. Tarehe ya hadithi hiyo ni sahihi. Mengine karibu yote yana kasoro, na kasoro hizo zinaficha sehemu tamu zaidi ya mkasa, yaani mtaa wenyewe wa muziki.

"Waliibuka usiku mmoja"

Albamu iliyowatangaza, Dookie, ilitoka tarehe 1 Februari 1994. Kufikia siku hiyo Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa, na Mike Dirnt wa gitaa la besi walikuwa wamepiga muziki pamoja kwa zaidi ya miaka sita, na walikuwa marafiki tangu wakiwa na umri wa miaka kumi. Hawakuwa watoto wa jiji. Walikulia Rodeo na vitongoji vya jirani kaskazini mwa Berkeley, sehemu za viwanda vya kusafisha mafuta, na pale Crockett kiwanda kikubwa cha sukari. Baba yake Billie Joe alikuwa mpiga jazz aliyeendesha lori ili nyumbani pawake moto jikoni. Alifariki kwa saratani mwaka 1982, mtoto akiwa na miaka kumi. Mama alikuwa mhudumu wa mgahawa, na ni katika mgahawa huo, Rod's Hickory Pit mjini Vallejo, ambako wavulana hao walifanya shoo yao ya kwanza Oktoba 1987. Walikuwa na miaka kumi na mitano, na bendi iliitwa Sweet Children.

Hapo anaingia Larry Livermore. Aliishi huko juu kwenye milima ya Mendocino, alikuwa na bendi yake, The Lookouts, na kwa kukosa mpiga ngoma alimchukua mtoto wa jirani wa miaka kumi na miwili. Mtoto huyo ndiye dunia inayemjua leo kama Tré Cool. Mwaka 1987 Livermore na David Hayes walianzisha lebo ndogo, yaani kampuni ya kutoa na kuuza muziki, Lookout Records. Sweet Children aliwasikia kwenye sherehe ya vijana huko huko milimani, umeme ukitoka kwenye jenereta na wasikilizaji wakihesabika kwa vidole. Walipiga kana kwamba uwanja mzima umefurika. Livermore akaamua kuwarekodi.

Santuri yao ya kwanza, ya nyimbo nne, ilitoka Aprili 1989. Kabla haijatoka vijana wakabadilisha jina, kwa sababu kulikuwa na bendi nyingine ya eneo hilo iliyoitwa Sweet Baby. Livermore hakufurahi hata kidogo: jina lililoanza kuzoeleka mtaani linatupwa, linaletwa hilo la Green Day! Albamu ya kwanza waliirekodi San Francisco katika siku chache kati ya mwisho wa Desemba 1989 na mwanzo wa Januari 1990, kwa gharama isiyofika dola 700. Bendi nyingi leo hutumia zaidi ya hapo kwa picha za matangazo tu.

Mpiga ngoma wao, John Kiffmeyer, akaondoka kwenda chuo kikuu, na Tré Cool akashika nafasi. Alikuja na faida ambayo hakuna aliyeitarajia: baba yake alikuwa na kampuni ndogo ya malori. Mzee huyo alilipata gari kuukuu lililokuwa maktaba ya kutembea, lile la kupeleka vitabu vijijini, akalikarabati, akawa dereva wa bendi kwenye baadhi ya ziara zao. Katika mkasa huu wote hakuna kitu ninachokipenda kama gari hilo. Hebu fikiria, mzazi ameshika usukani, nyuma wanamuziki watatu wa panki, roki ya kasi isiyo na madoido, na vyombo vyao pale palipokuwa na rafu za vitabu. Mwishoni mwa 1991 walizunguka Ulaya pia, na albamu yao ya pili, Kerplunk, ikawa mali inayouzika kuliko kitu chochote Lookout ilichowahi kutoa.

Kwa hiyo 1994 ilibadilika nini? Kwanza, mafanikio ya bendi ya Nirvana ya mwaka 1991 yalikuwa yameshayafundisha makampuni ya muziki kwamba muziki wa chini kwa chini una soko. Pili, televisheni ya muziki ya MTV ilikuwa ikiionyesha video ya wimbo wao Longview, iliyopigwa kwenye chumba cha chini cha nyumba waliyokuwa wakiishi Berkeley. Agosti wakapanda jukwaa la tamasha la Woodstock, watazamaji wakawarushia matope, wao wakayarudisha. Katika purukushani hizo mlinzi akadhani Mike ni shabiki aliyevamia jukwaa, akamkumba hadi akamvunja meno. Mwezi uliofuata tamasha la bure mjini Boston lilivuta makumi ya maelfu ya watu na kuishia kwa fujo. Huo ndio "usiku mmoja" wenyewe. Ulikuwa usiku mmoja kwa wale waliokuwa hawajatazama upande huo.

"Walitoka kwenye kilabu cha pombe na fujo"

Neno panki linawaletea watu picha ya chupa zinazopasuka. Sasa soma kanuni za ukumbi uliowalea, 924 Gilman Street mjini Berkeley, uliofungua milango tarehe 31 Desemba 1986, mkesha wa mwaka mpya. Pombe marufuku. Dawa za kulevya marufuku. Kupigana marufuku. Ubaguzi wa rangi, dharau kwa wanawake na chuki kwa mashoga, marufuku. Hakuna umri wa chini wa kuingia, na hapo ndipo siri ilipo: Marekani mtu haruhusiwi kununua pombe kabla ya miaka 21, na kumbi nyingi za muziki huishi kwa kuuza pombe, kwa hiyo kijana wa miaka kumi na sita hana pa kwenda. Gilman ilimpa pa kwenda. Alilipa ada ya uanachama, kiasi cha soda mbili hivi, akapata kadi, na kadi ile ilimpa haki ya kuhudhuria vikao na kupiga kura.

Jengo lenyewe ni ghala, na upande wa pili lilikuwa na duka la vifaa vya kusukia viti. Mlangoni, kwenye mitambo ya sauti, kufagia, yote ilikuwa kazi ya kujitolea. Mwasisi mkuu alikuwa Tim Yohannan wa jarida la Maximum Rocknroll. Jarida lilipojitoa mwaka 1988, vijana wenyewe wakaushika ukumbi. Hakuna tajiri aliyekuwa nyuma ya pazia.

Sweet Children walianza kupanda jukwaa hilo mwishoni mwa 1988. Mwezi Mei 1989, tayari wakiitwa Green Day, walikuwa miongoni mwa waliotumbuiza usiku wa mwisho wa Operation Ivy, bendi iliyopendwa kuliko zote pale ambayo ilivunjika ikiwa na albamu moja tu. Baadhi ya waliokuwa humo ndio baadaye waliounda bendi ya Rancid.

"Pop-panki ni uvumbuzi wao, tena ni muziki wa wasiojua kupiga"

Hapana, na hapana. Pop-panki, yaani panki yenye tuni tamu za kuimbika, ilikuwapo kabla yao. Ramones wa New York walikuwa na albamu tangu 1976, Buzzcocks wa Uingereza walikuwa wakiimba mapenzi juu ya magitaa ya kasi miaka hiyo hiyo, na Descendents wa kusini mwa California walitoa albamu yao ya kwanza 1982. Green Day walirithi, na hawakuwahi kuficha. Kuhusu kujua kupiga, Billie Joe alirekodi wimbo studio akiwa na miaka mitano, na alikuwa na mwalimu wa gitaa. Atakayesema besi ya Longview imepigwa na asiyejua kazi na aichukue besi ajaribu.

"Ni mambo ya wavulana weupe"

Dhana hii ina nusu ya haki: Green Day ni wanaume weupe, na ndio walioonekana kwenye televisheni. Mtaa ulikuwa mpana zaidi. Eneo la ghuba ya San Francisco, ilipo Berkeley, lilikuwa na Spitboy, bendi ya wanawake watupu, na Tribe 8, wanawake wasagaji waliolisema hilo jukwaani bila kumung'unya maneno. Green Day walipopata umaarufu 1994, bendi waliyoibeba kuwafungulia shoo ilikuwa Pansy Division ya San Francisco, mashoga wanaoimba waziwazi kuhusu ushoga wao, mbele ya kumbi zilizojaa vijana ambao wengi hawakuwa wamejiandaa kwa hilo. Miaka thelathini baadaye, kwenye ziara ya viwanja ya 2024, miongoni mwa waliowafungulia walikuwa The Linda Lindas wa Los Angeles, wasichana wanne wenye asili ya Asia na Amerika ya Kilatini. Nao husemwa waliibuka ghafla, eti kwa video moja ya mwaka 2021 iliyopigwa maktaba. Kumbe mwaka 2019 walikuwa wameshafungulia bendi kongwe ya panki, Bikini Kill.

"Walijiuza, Gilman ikawafukuza"

Hili ndilo lenye moto, na linahitaji utulivu. Kwa watu wa panki, kujiuza ni kuacha misimamo yako kwa ajili ya fedha za kampuni kubwa.

Mwaka 1993 Green Day walisaini mkataba na Reprise, tawi la kampuni kubwa ya muziki ya Warner, kupitia prodyuza Rob Cavallo. Gilman ilikuwa na kanuni: bendi iliyo chini ya lebo kubwa haipigi hapa. Kwa hiyo milango ikafungwa kwao. Lakini kufungiwa mlango na kanuni siyo kufukuzwa. Kanuni ilikuwa kwa wote, na wao waliijua kabla ya kushika kalamu. Wanaosema Gilman iliwaonea wivu wanakosea sawasawa na wanaosema Green Day waliwasaliti.

Kwa nini kanuni kali hivyo? Mwaka 1993 prodyuza Steve Albini aliandika makala yenye hesabu ya bendi ya kufikirika iliyosaini lebo kubwa na kuuza nakala 250,000. Tasnia inavuna zaidi ya dola milioni tatu, na kila mwanabendi anabaki na dola 4,031.25, theluthi ya mshahara wa muuza duka la mtaani. Maximum Rocknroll waliirudia makala hiyo mwaka 1994, katika toleo zima la kuyapiga vita makampuni makubwa. Hofu yao haikuwa ya kijinga. Waliogopa pia kwamba wawindaji wa vipaji wakishaingia Gilman, jukwaa lile litakuwa foleni ya usaili wa kazi.

Tatizo ni pale imani ilipogeuka rungu. Mwaka huo huo wa 1994, ndani ya Gilman, Jello Biafra aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya panki ya Dead Kennedys alipigwa na kuvunjwa mguu na watu waliomzomea kuwa amejiuza. Biafra! Mtu mwenye lebo yake huru, ambaye kampuni kubwa hakuwahi kuitumikia. Kundi lililofanya hivyo halikuwa ukumbi, na kanuni ya kutopigana lilikuwa limeivunja lenyewe, lakini tukio hilo linaonyesha hewa ilivyokuwa nzito.

Na hao "wasaliti" je? Dookie ilipita nakala milioni kumi Marekani peke yake na kupata Grammy 1995. Albamu iliyofuata, Insomniac, iliyotoka mwaka huo huo, ina wimbo kuhusu mtu anayerudi mlango wa kwao na kuambiwa hakuna nafasi. Haukuandikwa na mtu aliyesahau alikotoka. Tarehe 17 Mei 2015, mwezi mmoja baada ya kuingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa roki kule Cleveland, walipanda tena jukwaa la Gilman. Ilikuwa shoo ya kuchangia wachapishaji AK Press na kiwanda cha 1984 Printing, walioathirika kwa moto. Mimi naona pande zote mbili zilifanya lililozipasa: bendi ilitaka kusikika, ukumbi ulitaka kubaki ukumbi. Gilman ingewalegezea Green Day kwa sababu ni watoto wa nyumbani, leo isingekuwa na sababu ya kutajwa.

"Lebo ndogo ni rafiki, lebo kubwa ni mnyonyaji"

Mwanzoni ilikuwa kweli. Lookout iliwapa wasanii zaidi ya nusu ya faida, kiwango ambacho kampuni kubwa lisingekiota. Isitoshe, Dookie ilipolipuka, mamia ya maelfu ya watoto walirudi nyuma kuzitafuta albamu za zamani, na kwa kuwa Green Day waliziacha Lookout, fedha zikamiminika kwenye lebo ya mtaani. Kerplunk ilipita nakala milioni moja Marekani. Huo haukuwa usaliti, ulikuwa ruzuku.

Livermore aliondoka 1997. Lebo ikapanuka, ikatumia kuliko ilichoingiza, na mirabaha ya wasanii ikaanza kuchelewa, halafu ikakoma. Bendi kadhaa zikaziondoa albamu zao. Green Day walivumilia hadi Agosti 2005, wakati huo albamu yao American Idiot ikiwa imewarudisha kileleni, ndipo wakaondoa zao. Bila albamu hizo Lookout ilibaki mifupa. Ikapunguza wafanyakazi, ikaacha kutoa kazi mpya, na mwaka 2012 ikafungwa kabisa. Albamu zile mbili, ile ya dola 700 na Kerplunk, zilitolewa upya mwaka 2007. Aliyezitoa ni Reprise.