Kisanduku Ambacho Wahariri wa Tovuti za Makumbusho Hukiruka

Karibu kila mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu ya kuendeshea tovuti, mtu anapopakia picha, humwonyesha kisanduku kidogo kinachoomba maelezo mbadala: maneno ya kumweleza picha mtu asiyeiona. Mfanyakazi mwenye picha mia mbili za kupandisha kabla ya maonyesho kufunguliwa hukiruka, na mfumo humwachia apite. Ukurasa unatoka unang'aa, ofisi nzima inampongeza. Kisha anaingia mgeni asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini kwa sauti. Anafika kwenye picha ya mtungi wa udongo na kusomewa jina la faili: I, M, G, mbili, sifuri, nne, saba. Anasonga mbele. I, M, G, mbili, sifuri, nne, nane.

Nimewahi kukaa kando ya mtu akisikiliza hayo. Hakulalamika. Alisikiliza picha tatu, akafunga ukurasa, akaniuliza kama kuna kingine cha kujaribu.

Mifumo mingine hufanya vibaya zaidi bila kujulikana: kisanduku kikiachwa wazi, huiwekea picha maelezo matupu, na programu ya kusoma skrini huiruka kimya. Kwa mgeni huyo mtungi haupo kabisa. Maelezo matupu yana kazi yake halali, yaani kwa picha za pambo tu, kama mstari wa maua juu ya ukurasa. Kwa hiyo fomu nzuri humlazimisha mhariri achague: aandike maelezo, au atie alama kwamba picha hii ni pambo. Asipofanya mojawapo, ukurasa hauchapishwi. Mpangilio huo mtaalamu wa mfumo huuweka kwa muda mfupi, na faida yake hushinda mafunzo mengi ya siku nzima niliyowahi kuyaendesha.

Aandike nini basi? Asianze na "picha ya", kwa sababu programu imeshatangaza kuwa ni picha. "Mtungi" peke yake hakumfai mtu. Jaribu hivi: "Mtungi wa udongo mwekundu wenye shingo nyembamba; mkono mmoja umevunjika, na tumboni una mistari mitatu iliyokwaruzwa kabla ya kuchomwa." Sentensi moja, na mtu ameuona. Historia yake, mahali ulipopatikana na mengine marefu yakae kwenye maandishi ya ukurasa, yawafae wote. Nimeona wasimamizi wa makusanyo wakirudi kabatini kukitazama upya kitu walichokaa nacho miaka, kwa sababu tu walitakiwa kukieleza.

Kipimo kinachotumika duniani ni WCAG, miongozo ya kuifanya tovuti ifikike na watu wenye ulemavu, inayotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Ina ngazi tatu, A ya chini, AA ya kati na AAA ya juu, na mkataba na mjenzi wa tovuti unafaa utaje AA kwa jina. Mkataba unaosema tu "tovuti iwe rafiki kwa watu wote" haumfungi mtu.

Kosa la makumbusho ambalo ningelipiga marufuku leo ni kijivu hafifu juu ya nyeupe. Wasanifu wanakipenda, eti kinaacha picha izungumze. Miongozo inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa mwangaza, kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3. Shuka hadi #767676 na umevuka mstari; macho ya msanifu hayataona hasara kubwa, lakini mwenye uoni hafifu ataweza kusoma.

Kwenye video ndiko kazi ilikolala. Viziwi wanahitaji manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa kwenye skrini, na manukuu ya mashine hukosea pale pale yanapohitajika: majina ya watu, ya mahali, ya malighafi, ya vifaa vya ufundi. Lazima mtu anayejua mada ayapitie. Wasioona nao wanahitaji kuelezwa kinachotendeka. Chukua mfumaji aliyerekodiwa akisema, "Unachukua hii, unaipitisha hapa, halafu unavuta." Kwa asiyeona, hayo ni mafumbo. Kurekodi sauti ya pili ya maelezo baadaye kunagharimu; kumwomba mfumaji siku ya kurekodi ataje anachoshika hakugharimu kitu: "Nachukua uzi mwekundu, naupitisha chini ya uzi wa pili." Weka pia maandishi kamili ya mazungumzo chini ya video. Humsaidia kiziwi, mtafiti, na mwenye mtandao wa kusuasua. Na tafadhali, video isijianzishe yenyewe kwa sauti. Mtu anayesomewa skrini husikia sauti mbili zikigombana, na hajui kitufe cha kuzima kiko wapi.

Picha za kukuza, zile zinazomwezesha mgeni kuona mapito ya brashi, ni tamu kwelikweli, na IIIF, viwango vya kuonyesha picha za makusanyo mtandaoni, vimerahisisha kuzitoa vipande vipande bila kumshushia mtu faili zima. Ila kukuza kusitegemee kuburuta kwa kidole tu. Weka vitufe vya kuongeza, kupunguza na kusogeza, vinavyofikika kwa kibodi.

Ninaulizwa mara nyingi uchaguliwe mfumo gani. Drupal ipo tangu 2001, WordPress tangu 2003, na Omeka, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2008, ililenga makusanyo tangu mwanzo. Zote ni programu huria na zote zinaweza kazi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni makumbusho kumwaga kila kitu kwenye kisanduku kimoja kikubwa cha maandishi. Jina, malighafi, vipimo, tarehe, namba ya usajili na haki za matumizi vikae kila kimoja mahali pake. Dublin Core, orodha ya kawaida ya vipengele 15 vya kueleza kitu cha makusanyo, ni pa kuanzia. Vichwa vya habari navyo viwekwe kama vichwa kwenye kiolezo (muundo wa ukurasa ulioandaliwa), si maandishi yaliyokolezwa, maana msomewa skrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa.

Kuhusu vile vitufe vya kubandika juu ya tovuti iliyokwisha kujengwa, vinavyouzwa kwa ahadi ya kuifanya tovuti nzima ifikike kwa siku moja: msinunue. Haviandiki maelezo ya mtungi, na mara nyingine hugombana na programu ambayo mgeni tayari anaitumia.

Kabla ya kuipokea kazi kwa mjenzi, sogezeni kipanya mbali. Kwa kitufe cha Tab, Enter na mishale peke yake, tafuteni kitu kimoja, kikuzeni, chezesheni video yake, kisha rudini mwanzo. Kila mahali mnapopoteza alama inayoonyesha mlipo, andikeni. Orodha hiyo iende kwa mjenzi kabla ya malipo ya mwisho.