Damu kwenye makohozi: namna uvimbe wa pafu unavyojiitia mishipa

Mzee mmoja kutoka Urambo alikunjua leso yake mezani kwangu taratibu, kama aliyefunga humo kitu cha kuvunjika. Lilikuwamo kohozi lenye michirizi myekundu, myembamba kama uzi. "Daktari, TB yangu imerudi," akasema. Makohozi yake yalikuwa yameshapimwa mara mbili na TB haikuonekana. Alikuwa akikohoa tangu msimu wa kukausha tumbaku kwenye mabani, na sigara ameivuta tangu ujana.

Tuufuate uzi ule hadi unakotoka.

Kila seli ya mwili huhitaji oksijeni, nayo haifiki mbali ikishatoka kwenye mshipa wa damu: takriban milimita 0.1 hadi 0.2, basi. Kwa hiyo uvimbe wa saratani ukifikia milimita 1 au 2, seli za katikati huanza kukosa hewa. Ndani ya pafu, kiungo kilichojaa hewa! Hewa ya kwenye vifuko vya pafu haipenyi hadi katikati ya donge la nyama.

Hapo ndipo protini iitwayo HIF-1 inapoanza kazi. Mwili huitengeneza wakati wote, lakini oksijeni ikitosha huivunja ndani ya dakika chache. Vimeng'enya huitia alama kwa kutumia oksijeni yenyewe, kisha protini nyingine, VHL, huitambua kwa alama hiyo na kuipeleka ikavunjwe. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. HIF-1 inabaki, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi. Mfumo huu ni wa kutuokoa: humsaidia anayehamia milimani kuongeza chembe nyekundu za damu, na husaidia kidonda kupona. Walioufumbua, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Saratani huuteka mfumo huohuo.

Jeni mojawapo inayowashwa hutoa VEGF, protini inayoita mishipa ya jirani ichipuke kuelekea kwenye uvimbe. Mishipa huja, ila hujengwa haraka haraka: imepindapinda, kuta zake zinavuja. Mwenye kuishi mtaa ulioungwa mabomba kienyeji anajua maji yanavyomwagika njiani na nyumba za mwisho zisipate tone. Ndivyo uvimbe unavyoweza kuwa na mishipa tele na bado ukose oksijeni, na HIF-1 ikaendelea kuita. Seli zenye njaa hiyo ya oksijeni huhimili zaidi mionzi ya tiba, na nyingine huingia kwenye mishipa hiyo zikahamia mifupani, kwenye ini au ubongo. Mishipa hii ikipasuka, au uvimbe ukila mshipa mkubwa wa karibu, mtu hukohoa damu.

Ipo dawa inayoikamata VEGF, bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani ya mapafu mwaka 2006, ikitolewa pamoja na tibakemikali. Huwaongezea baadhi ya wagonjwa muda, lakini haiponyi. Tena wenye saratani ya seli bapa, aina mojawapo ya saratani ya mapafu, hawapewi, kwa sababu huweza kuwatoa damu nyingi pafuni, damu ya kuua. Ndiyo maana eksirei peke yake haitoshi: lazima kinyama kikatwe na kipimwe kwa darubini ili aina ijulikane.

Tabora tunaijua tumbaku. Ada za watoto wetu wengi zimetoka humo, nami simlaumu mkulima. Lakini moshi wa sigara ndio chanzo kikuu cha saratani hii, na kuacha kunapunguza hatari hata kwa aliyevuta miaka mingi. Asiyevuta naye anaweza kuugua.

Kikohozi kikizidi wiki 2, pima TB. Vipimo na dawa zake ni bure. TB isipoonekana na damu bado inatoka, au umemaliza dozi na unaendelea kukohoa na kukonda, usirudi duka la dawa kununua vidonge vingine. Omba eksirei ya kifua, na uulize wazi kuhusu rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Yule mzee tulimwandikia ya Bugando siku ileile.