Simu Yenye Shaka: Askari Aambiwe Yote

Tarehe 22 Novemba 2014, mtu aliyekuwa kwenye bustani ya umma mjini Cleveland, Marekani, alipiga 911, namba ya dharura, akasema kuna mtu ana bastola na anawaelekezea watu. Akaongeza kwamba huenda ni ya bandia, akalirudia hilo, kisha akasema aliyeishika huenda ni mtoto. Mpokea simu hakuyaingiza maneno hayo kwenye mfumo. Walichosikia askari redioni ni kwamba kuna mtu mwenye bastola. Gari lao lilisimama hatua chache tu kutoka kwa mvulana wa miaka 12, na ndani ya sekunde 2 alikuwa ameshapigwa risasi. Alifariki kesho yake. Bastola ilikuwa ya kuchezea.

Lawama nyingi humwangukia aliyefyatua, na hilo lina haki yake. Lakini kosa la kwanza lilitokea mezani kwa mpokea simu. Shaka ya mpiga simu ni sehemu ya taarifa, na mpokea simu hana mamlaka ya kuipunguza ili taarifa iwe fupi. Aandike kilichoonwa kwa macho, kilichosikika kwa mtu mwingine na kinachokisiwa, kila kimoja mahali pake. Aulize pia: unamwona sasa hivi? Yuko peke yake? Kuna aliyeumia?

Askari akipata taarifa kamili, anajua asimamishe gari mbali, ajikinge, atazame, atoe amri kwa sauti. Kama hakuna anayeshambuliwa wakati huo, dakika mbili za kutazama si uzembe. Kukiwa na shambulio linaloendelea, hesabu ni nyingine kabisa.

Uongo nao upo. Desemba 2017 mtu aliyekuwa California aliwapigia polisi wa Wichita, Kansas, akidai kumetokea mauaji na watu wameshikwa mateka. Polisi waliizingira nyumba aliyoitaja, na mtu asiyehusika akauawa mlangoni pake. Aliyepiga simu alifungwa miaka 20.

Hata hivyo, shaka isiwe kisingizio cha kutokwenda. Anayepigwa nyumbani mara nyingi hawezi kusema neno. Uingereza, anayepiga 999 akanyamaza huombwa akohoe au agonge simu. Akishindwa, na simu ikiwa ya mkononi, huambiwa abonyeze 55 ili aunganishwe na polisi. Wapo huko wanaodhani 55 huwaonyesha polisi mahali walipo. Haifanyi hivyo.

Kwa upande wako, ukipiga 112 Tanzania, au 999, 112 au 911 Kenya, anza na mahali: mtaa, kituo cha daladala au matatu, duka linalojulikana. Sema ulichoona, na pale usipokuwa na hakika sema huna hakika. Kama mtu ameondoka, au umegundua ulichodhani panga ni fimbo, piga tena uwaambie kabla hawajafika.