Nkejje watano wa Nabugabo

Kwenye mialo ya upande wa Masaka, wavuvi wakishachambua sangara na sato, chini ya mtumbwi hubaki visamaki vya urefu wa kidole ambavyo wanunuzi wa viwandani hawavitazami. Waganda huwaita nkejje. Ng'ambo, upande wa Tanzania, ni furu. Hukaushwa motoni wakiwa wamechomekwa kwenye vijiti, na katika Buganda mama mwenye mtoto mgonjwa wa surua huwatafuta hata kama sokoni nyama imejaa.

Mimi nimewasomea hawa. Siku moja mama anayewakausha alinikuta nawapanga mafungu mafungu juu ya turubai, akaniuliza: "Mwanangu, mbona unawatenganisha? Nkejje si nkejje tu?" Nilimjibu kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa linawaharibu samaki, na jibu langu halikumtosha. Haya ndiyo niliyopaswa kumweleza.

Sisi wa fani ya biolojia tunapotaja spishi, kwa kawaida tunamaanisha kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, lakini hawazaani na kundi jirani, au huzaana nalo kwa nadra sana. Mwanabiolojia Ernst Mayr aliiweka maana hiyo wazi mwaka 1942. Ina matatizo yake, kwa mfano kwa bakteria haifai, ila kwa samaki wa ziwani inatupa swali zuri la kuanzia: nani anazaa na nani, na ni kitu gani kinawazuia wengine?

Watu wengi hudhani kwamba mageuko ya viumbe yanadai siku moja samaki wa aina hii alitaga yai, akatoka samaki wa aina ile. Hakuna siku kama hiyo. Kila samaki aliyewahi kuzaliwa alikuwa spishi moja na mama yake. Fikiria Luganda na Lusoga. Zamani palikuwa na watu wa lugha moja, leo kuna lugha mbili, na bado Mganda na Msoga husikilizana wakienda polepole. Je, kuna bibi aliyewahi kuzaa mtoto ambaye hakuelewa lugha yake? Hayupo. Kila kizazi kilielewana na kilichokitangulia, na bado pande mbili zimetengana. Spishi hutengana hivyo hivyo, ila kwa samaki kinachokatika ni kuzaana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Nabugabo. Ziwa hili dogo, la kina cha mita chache tu, lilikuwa ghuba ya Ziwa Victoria. Mawimbi na upepo vilirundika mchanga mdomoni mwa ghuba mpaka ikazibwa, na mkaa uliopatikana katika fukwe za kale umewezesha kukadiria kwamba hilo lilitokea miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Leo ukisimama juu ya ukanda ule wa mchanga, Victoria iko upande mmoja na Nabugabo upande mwingine. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950, aliwachunguza nkejje wa Nabugabo na mwaka 1965 akaandika kwamba kati ya aina zilizomo, tano hazipatikani kwingine kokote duniani. Jamaa zao wa karibu wangali Victoria, na tofauti iliyo wazi zaidi baina yao ni rangi za madume.

Mchanga haukuwaumba samaki wale. Uliwazuia tu kukutana. Kila kizazi huja na mabadiliko madogo madogo katika jeni, yaani vinasaba ambavyo watoto hurithi kwa wazazi, kwa sababu kuvinakili hakukosi makosa. Katika maji yaliyoungana, badiliko la upande mmoja husambaa kote kwa kuzaana. Ukiziba mlango, kila upande hubaki na yake. Mengine hushika kwa sababu yanamsaidia mwenye nayo kuishi na kuzaa, na huo ndio uteuzi asilia. Mengine hushika kwa bahati tu, hasa pale samaki wanapokuwa wachache. Miaka elfu kadhaa baadaye, madume wa pande mbili hawavai tena rangi moja.

Lakini Nabugabo ni nusu tu ya habari, na kwangu ni nusu rahisi. Ndani ya Victoria yenyewe walihesabiwa nkejje wa spishi zinazokaribia 500, nyingi zikiishi mwambani pamoja bila mchanga wowote katikati. Tena ziwa lile lilikauka. Vyombo vilivyotoboa matope ya sakafu yake vilikuta udongo wa nchi kavu chini, na maji yakarudi kadiri ya miaka 15,000 iliyopita. Kwa kipimo cha mageuko, huo ni muda mfupi mno. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi ilinichukua muda kukubali kwamba hesabu hii inawezekana.

Sehemu ya jibu ilipatikana kwenye vinasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba samaki hawa wote ni uzao wa machotara: yapata miaka 150,000 iliyopita, ukoo wa upande wa Kongo ulikutana na ukoo wa upande wa Nile ya juu wakazaana. Ardhi ya huku imewahi kugeuza mito mara nyingi. Ukisafiri kutoka Kampala kwenda Masaka unavuka kinamasi cha Katonga kabla ya Lukaya; mto ule zamani ulitiririka kuelekea magharibi, nchi ya upande huo ikainuka, na maji yakarudi yalikotoka. Mito ikigeuka, samaki wasiojuana hujikuta katika maji mamoja. Machotara wale walibeba hazina ya jeni za koo mbili, kwa hiyo ziwa lilipojaa upya hawakuhitaji kungoja kila badiliko lizaliwe. Mengi walikuwa nayo tayari, kazi iliyobaki ni kuyachanganya upya.

Moja ya jeni hizo huunda protini ya jicho inayopokea mwanga mwekundu, na hapa ndipo moyo wa jambo lote ulipo.

Katika maji ya Victoria mwanga wa buluu hunyonywa na vumbi na mimea midogo karibu na uso, na kadiri unavyoshuka ndivyo kila kitu kinavyoelemea wekundu. Kwenye visiwa vya mawe karibu na Mwanza wanaishi samaki wawili wa jamii iitwayo Pundamilia, kwa sababu ya mistari yao. Mmoja, dume wake ana rangi ya buluu, hukaa karibu na uso. Mwingine ana mgongo mwekundu, hukaa chini zaidi, na jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Macho ya kila mmoja yanafuata mwanga wa kina chake. Jike wa juu humwona vizuri dume wa buluu, jike wa chini humwona vizuri dume mwekundu.

Na jike ndiye mwamuzi. Nkejje jike hutaga mayai machache, huyaokota papo hapo na kuyalea kinywani mwake wiki kadhaa bila kula sawasawa. Dume haleti chochote zaidi ya mbegu na urembo. Jike wa namna hiyo hachagui ovyo. Watafiti waliwaweka majike ndani ya tangi lenye mwanga wa kawaida, kila mmoja akawafuata madume wa spishi yake. Walipobadilisha taa ikawa ya rangi ya machungwa, tofauti za rangi zikapotea, na majike wakawapokea madume wa pande zote mbili.

Ukuta baina ya spishi mbili, basi, ulikuwa ni rangi, jicho, na maji yanayopitisha mwanga. Chakula pia kina nafasi yake. Nkejje wana taya za pili kooni, hizi za kusaga, kwa hiyo za mdomoni zimekuwa huru kugeuka: huyu anaparua mwani, yule anavunja konokono, mwingine anakula magamba ya wenzake. Hayo yanaeleza wanavyoweza kuishi pamoja bila kumalizana. Lakini nani anazaa na nani, kwa wengi wao, linaamuliwa na macho.

Ndiyo maana maji machafu yananitia uchungu kuliko watu wanavyodhani. Sangara aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 alipofumuka katika miaka ya 1980, inakadiriwa spishi kama 200 zilitoweka, na hilo linafahamika. Lisilosemwa sana ni kwamba spishi inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kufa. Mbolea, maji taka na udongo wa mashamba hulisha mwani, maji yanakuwa mazito, na kule chini rangi hazionekani. Kwenye visiwa vya maji safi, wale Pundamilia wawili wametengana kabisa. Kwenye kisiwa cha maji machafu hukuti wawili: kuna kundi moja la machotara wasio wekundu wala buluu. Lugha mbili zimerudi kuwa moja, na maneno mengi yamepotea njiani.

Nabugabo nako sangara aliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nkejje waliookoka walijibanza pembeni, kwenye mafunjo na majani ambako oksijeni ni kidogo na sangara hawezi kuwafuata. Ndugu yao mmoja mdogo anayeishi ndani kabisa ya kinamasi ana mashavu ya kupumulia makubwa kuliko wenzake wa maji ya wazi, ili avute hewa ya kumtosha. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na mahali alipokulia tu, wala bado ni spishi moja. Nawatazama hata hivyo kwa makini, maana huenda ndivyo mwanzo unavyofanana.

Nilirudi kwa yule mama msimu uliofuata. Safari hii nilikuwa na kisahani chenye robo nyeusi na robo nyeupe, kinachoshushwa kwa kamba mpaka kisionekane ili kupima uwazi wa maji. Aliuliza ni cha nini. Nikamwambia ndicho kinachonionyesha jike wa nkejje anaweza kumwona dume wake kutoka wapi. Akaacha vijiti vyake, akaniomba nimpeleke mtumbwini akishike mwenyewe ile kamba. Aliishusha taratibu, akahesabu mafundo kwa sauti hadi kisahani kilipozama kwenye ukungu wa kijani, akakipandisha, akakishusha tena mahali pengine, karibu na mafunjo.