Kwa nini mtoto huangusha upawa kila ukimrudishia?

Tulikuwa tumekaa kwenye daka, nyumbani Mkomani, Lamu, upepo wa alasiri ukipita kichochoroni. Mpwa wangu wa miezi kumi amepakatwa na mamangu barazani, mkononi ana upawa. Akauachia. Ka! sakafuni. Akachungulia chini, kisha akaniangalia mimi, akangoja. Nikauokota, nikampa. Akauachia tena. Mara ya saba nikaanza kununa.

"Huyu ana ujeuri," nikasema.

"Ujeuri gani, mwanangu? Yuko kazini."

Mama alisema kwa mzaha, lakini kazi ipo kweli, na inaanzia vidoleni. Mpe kichanga kidole chako, atakikamata kwa nguvu bila hata kukusudia. Kushika huzaliwa nako. Kuachia ndiko kwa kufunzwa. Akifika miezi sita hivi, huhamisha kitu kutoka mkono huu hadi ule. Lakini kufungua vidole kwa kusudi, pale anapotaka mwenyewe, huja kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa na ujuzi mpya mkononi, na mwenye kipya hatulii.

Kisha kuna swali la upawa wenyewe: unakwenda wapi? Jean Piaget, mtaalamu wa saikolojia kutoka Uswisi, aliwachunguza wanawe watatu nyumbani kwake na mwaka 1936 akachapisha aliyoyaona. Mwanawe wa kiume, naye akiwa na miezi kumi, alilala chali akaangusha kitu baada ya kitu, kila mara akibadilisha mkono ulivyonyooshwa, kisha akatazama kilipoangukia. Piaget aliuona huo ni utafiti hasa: mtoto habahatishi, anajaribu.

Piaget huyohuyo alisema kwamba kabla ya miezi minane hivi, kitu kikifichwa, kwa mtoto ni kama kimekwisha. Unaweza kujionea kwa leso tu. Funika upawa mbele ya mtoto wa miezi mitano, huenda akaangalia pengine kana kwamba haukuwapo. Wa miezi kumi ataivuta leso. Ila miaka ya 1980 mwanasaikolojia Renée Baillargeon na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo zaidi, wa miezi michache tu, mambo yasiyowezekana, kama ubao unaolala chini kabisa ilhali nyuma yake kuna kitu cha kuuzuia. Watoto walikodoa macho muda mrefu zaidi, kama walioshangaa. Basi huenda macho yanajua mapema, mikono ndiyo inayochelewa.

Lakini kilichonishughulisha mimi ni lile jicho. Akishaachia, haangalii upawa tu, anamwangalia mtu. Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha ghafla wakaze uso, wasicheke wala wasijibu. Watoto walitabasamu, wakatoa sauti, wakanyoosha mikono kumrudisha mama mchezoni. Iliposhindikana, waligeuza uso, wengine wakalia. Nikikumbuka hayo, huona haya kidogo kwa mara ninazomshika mtoto huku macho yangu yako kwenye simu. Uso wangu wakati huo sidhani una tofauti kubwa na ule wa mama aliyeukaza.

Ndiyo maana sioni haja ya kukimbilia midoli ya bei. Upawa, kifuu kilichosuguliwa, kawa la kufunikia chakula, sufuria na mwiko vinatosha, maadamu kuna wa kurudisha. Vya kuepuka ni vidogo vya kumezwa, kama kokwa za tende, sarafu na shanga, na birika la chooni lisiachwe wazi, kwani mtoto huzama hata kwenye maji haba. Televisheni nayo ingoje: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Na wale majirani wa "wangu alitembea ana miezi tisa" wasikutie wasiwasi. Vipimo vya shirika hilo vya mwaka 2006 vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Akipita hapo bado, mpeleke kliniki.

Mara ya nane sikumpa upawa. Nikampa kifuu. Akakigeuza, akakilamba, akanyoosha mkono nje ya baraza, akakiachia. Hakikulia ka! Kiliviringika, kikashuka kizingitini hadi kichochoroni, kwenye miguu ya punda aliyekuwa akipita na mifuko ya saruji. Mtoto akainama nusura amponyoke bibi yake, akakifuata kwa macho mpaka kikatulia. Kisha akageuka, akaniangalia.